Zamu ya Nani? Historia ya Kungoja katika Final Fantasy

Vibwengo watatu wamesimama kushoto mwa kioo cha televisheni. Mashujaa wanne wamejipanga kulia. Mchezaji anawagawia kazi mmoja mmoja. Mpiganaji ampige kibwengo wa kwanza, mwizi ampige huyohuyo, mcheza ngumi vilevile, na mchawi mweusi amalizie kwa moto. Akishathibitisha amri ya nne hana tena la kufanya ila kutazama. Mpiganaji anapiga, kibwengo anakufa. Mwizi anasogea hatua moja mbele, anazungusha upanga pale alipokuwapo marehemu, na yanatokea maandishi ya kumwambia kuwa pigo lake halikufaa kitu. Mcheza ngumi naye anapiga hewa. Vibwengo wawili waliobaki, ambao hakuna aliyewagusa, wanajibu mapigo.

Ndivyo watu walivyopigana katika Final Fantasy ya kwanza, iliyotoka Japani tarehe 18 Desemba 1987 kwa ajili ya Family Computer, mashine ya Nintendo ambayo Wajapani waliizoea kwa jina la Famicom. Tangu siku hiyo mfululizo umefika toleo la 16. Karibu kila toleo lina ulimwengu wake, watu wake na kisa chake. Anayeanzia la tisa hahitaji kujua lolote la la nane. Kuna ndege wa kupanda aitwaye chocobo, kuna majina ya uchawi yanayorudi, kuna muziki ambao Nobuo Uematsu aliutunga tangu mwanzo. Lakini chini ya hayo yote lipo swali moja ambalo wabunifu wa gemu hili wamelijibu upya kila baada ya miaka michache, wakati mwingine wakifuta jibu la jana kabisa: katika pambano, zamu ni ya nani, na anayengoja anangoja nini?

Zamu ya mezani

Square ya miaka hiyo ilikuwa kampuni changa ya Tokyo. Masafumi Miyamoto aliianzisha kama tawi la Den-Yu-Sha, kampuni ya familia yake iliyojenga njia za umeme, na ikasimama yenyewe mwaka 1986. Mwaka huohuo washindani wao wa Enix walitoa Dragon Quest ya Yuji Horii, gemu la kuigiza uhusika lililowathibitishia Wajapani kwamba safari ndefu ya mapanga na majoka inaweza kuchezwa sebuleni, kwa vitufe vichache, na mtu asiyejua kompyuta. Hironobu Sakaguchi, aliyekuwa ameacha chuo kikuu ili afanye kazi Square, akapewa nafasi ya kutengeneza la kwao. Baadaye alisimulia kwamba lingebuma, angerudi chuoni.

Katika Dragon Quest shujaa alikuwa mmoja na pambano lilionekana kwa macho yake: adui mbele, maneno chini. Final Fantasy ililigeuza pambano ubavu, mchezaji akawaona watu wake wakisogea, wakipiga, wakianguka. Akitoshi Kawazu, aliyebuni mapambano hayo akiwa na Koichi Ishii, alikuwa mpenzi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 1974. Wachezaji wake huizunguka meza, kila mmoja akasema anataka mhusika wake afanye nini, kisha dadu likaamua. Kutoka mezani hapo Kawazu alichukua mengi: kazi sita za kuchagua, maadui wanaoogopa moto au barafu, na uchawi wa kuhesabiwa. Mchawi hakuwa na hazina moja ya nguvu. Kila daraja la uchawi lilikuwa na idadi yake ya kutumika, isiyozidi mara 9.

Kisha alichukua zamu. Wacheza bao wanajua kwamba zamu haiishi mpaka kete ilale, na kwamba mpinzani haingizi mkono kabla ya hapo. Zamu ya Kawazu ilikuwa kali kuliko hiyo. Mchezaji alitoa amri zote nne kwa mkupuo, kisha kompyuta ikawachanganya mashujaa na maadui kama karata na kuwatoa mmoja mmoja. Wepesi wa mtu haukumsaidia kutangulia. Ndiyo maana mwizi wetu alipiga hewa: amri ilitolewa mapema, hali ikageuka, amri ikabaki palepale. Ukatili huo ulimlazimisha mchezaji kupiga hesabu kabla ya kubonyeza. Kibwengo huyu ni wa mapigo mangapi? Kama ni mawili, wa tatu nimwelekeze kwingine. Muda wa kuwaza ulikuwa wote wake. Angeweza kwenda kula na kurudi, akawakuta vibwengo wamesimama vilevile.

Programu iliandikwa na Nasir Gebelli, mzaliwa wa Iran aliyekwisha kupata jina Marekani kwa magemu ya Apple II, nayo ilitoka na makosa yake. Kipimo cha akili hakikuongeza nguvu ya uchawi wowote. Uchawi kadhaa, ukiwamo uliokusudiwa kumwongezea mwenzako makali, haukufanya chochote. Watoto wa Japani waliutumia, wakapoteza zamu zao, na wengi wao bila shaka walishinda na kuusifu.

Toleo la pili, la Desemba 1988, lilionyesha jinsi zamu inavyoweza kugeuka kitu kingine. Kawazu alifuta ngazi. Mtu hakupanda kwa kuua. Alikua kwa alichokifanya. Aliyeshika upanga alizidi kuujua upanga, aliyepigwa aliongezeka uhai. Wazo lilikuwa zuri, na wachezaji wakaling'amua upesi kuliko lilivyotarajiwa: njia fupi ya kupata uhai mwingi ni kupigana wenyewe kwa wenyewe. Zaidi ya hapo, Famicom ilihesabu amri pale ilipochaguliwa, hata kama ingefutwa. Basi watu waliketi mbele ya adui dhaifu wakichagua na kufuta, wakichagua na kufuta, kama mtu anayekoroga uji, hadi ustadi upande. Pambano lilikuwa limegeuka kazi ya shamba.

La tatu, Aprili 1990, lilirudisha ngazi, likaleta kazi 22 za kuvaa na kuvua kama nguo, na likamhurumia mwizi: aliyekuta adui wake amekwisha kufa alimgeukia aliye hai. Mapigo ya hewa yakaisha. Zamu yenyewe, ile ya kutoa amri zote na kukaa kutazama, ilibakiza mwaka mmoja tu wa kuishi.

Gari linalopita jingine

Hiroyuki Ito, mmoja wa wabunifu wa Square, alikuwa akitazama mbio za magari ya Formula One. Humo magari hayangojani. Lenye kasi hulipita jingine, na likiwa na kasi zaidi hulipita tena kabla lile la nyuma halijamaliza mzunguko. Akajiuliza kwa nini wapiganaji wapangwe foleni kama wateja wa benki ilhali wamezidiana wepesi.

Jibu lake liliingia katika Final Fantasy IV, iliyotoka tarehe 19 Julai 1991 kwa mashine mpya ya Super Famicom. Liliitwa Active Time Battle, ATB kwa kifupi, na Square ikaliombea hataza; ile ya Marekani ilitolewa mwaka 1995 kwa majina ya Sakaguchi na Ito. Kila aliye vitani, rafiki kwa adui, alipewa saa yake iliyofichwa. Saa ya shujaa ikijaa, orodha ya amri inafunguka. Ukisitasita, saa za maadui haziachi kwenda. Mchezaji aliyezoea kwenda kula na kurudi sasa alirudi akakuta maiti.

Ito na wenzake hawakuutumia muda kama kiboko tu. Joka la kwanza kubwa katika gemu hilo, Joka la Ukungu, hugeuka mvuke katikati ya pambano. Anayempiga akiwa mvuke anajibiwa kwa baridi kali inayowapata wote, na gemu lenyewe linamwonya mchezaji asiguse kitu hadi mnyama arudi kuwa mwili. Yaani mara tu saa ilipoanza kukimbia, funzo la kwanza lilikuwa kuketi kimya ikikimbia. Uchawi nao ukapata uzito wa muda: mchawi hutamka kwanza, akasimama akiukusanya, na ulio mkubwa hukawia. Mtu aliyeanzisha kimondo angeweza kuuawa kimondo kikiwa bado njiani.

Toleo la tano, Desemba 1992, lilizitoa saa hizo mafichoni. Kando ya jina la kila shujaa ukawekwa mstari unaojaa, na macho ya mchezaji yakahamia hapo. Katika mipangilio kulikuwa na hiari: saa iendelee daima, au isimame pale mtu anapopekua uchawi na dawa. Hiari hiyo ndogo ni ya kukumbukwa. Mwaka mmoja tu baada ya zamu kuondolewa kwa mlango wa mbele, ufa wa dirisha uliachwa wazi kwa ajili yake.

Ito alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa toleo la sita la mwaka 1994, pamoja na Yoshinori Kitase. Lina wahusika 14 wa kuchezwa, na wengi wao wana namna yao ya kuishi ndani ya muda. Sabin, bingwa wa ngumi, hana orodha ya kuchagua mapigo yake maalumu. Mchezaji hubonyeza mishale na vitufe kwa mpangilio maalumu kama katika magemu ya kupigana, akikosea pigo linapotea. Cyan, mzee wa upanga, ana kipimo kinachohesabu polepole kutoka 1 hadi 8, na kadiri unavyosubiri ndivyo pigo linavyokuwa kubwa. Ila kipimo kikihesabu, huwezi kuwaamuru wenzake. Wanasimama na mistari yao imejaa, wakila mapigo, wakimngoja mzee. Wachezaji wengi walimwacha Cyan nje ya kikosi kwa sababu hiyo. Hata hivyo hakuna mhusika mwingine aliyewahi kuonyesha wazi hivyo kwamba muda ni mali ya kikosi kizima, na mmoja akiutumia wengine wanaulipa.

Muda wa kutazama

Januari 1997 Final Fantasy VII ilitoka kwa PlayStation ya Sony. Square ilikuwa imewaacha Nintendo, waliong'ang'ania kaseti, kwa kuwa kaseti isingeweza kubeba picha ilizotaka. Gemu lilijaza CD tatu. Mstari wa ATB ulikuwepo. Kikosi kilipunguzwa kuwa watu watatu, na mawe ya uchawi yaitwayo materia yakaweza kuchomekwa katika silaha ya yeyote. Kilichobadilika kweli kilikuwa mahali pa kungoja.

Kabla ya hapo mchezaji alingoja zamu. Sasa alingoja picha. Akiita viumbe wa kumsaidia, kamera ilizunguka, mbingu zikapasuka, mashujaa wenye deraya wakatokea mmoja mmoja kupiga pigo lao, na onyesho hilo kubwa kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika moja. Mara ya kwanza nyumba nzima ilikusanyika kutazama. Mara ya ishirini mtu alikwenda kuweka chai jikoni. Wabunifu walilijua tatizo, na toleo la nane, Februari 1999, linaonyesha walivyohangaika kuipa mikono kazi. Kiumbe alipokuwa akifanya vitu vyake, mchezaji aliweza kubonyeza kitufe harakaharaka kumwongezea nguvu. Squall, shujaa wa gemu hilo, ana upanga wenye kifyatulio cha bunduki. Ukibonyeza sawasawa na kugusa kwa ubapa, jeraha linazidi.

Toleo hilohilo lilivuruga desturi nyingine. Maadui walipanda ngazi pamoja na wewe, na uchawi ulinyonywa kutoka kwao ukawekwa akiba kama nafaka ghalani. Matokeo yakawa yale ya shamba la mwaka 1988: watu wakaketi mbele ya adui asiye na hatari, wakimnyonya uchawi zamu baada ya zamu hadi wafike 100. La tisa, Julai 2000, lilirudi kwa watu wanne na sura ya kale, lakini vitendo vya wapiganaji vilikuwa virefu kuliko saa zao. Mistari ilijaa wengine wakiwa bado wanarusha mikono, amri zikapanga foleni, na dawa uliyoiagiza kwa ajili ya mgonjwa ikafika akiwa maiti. Pigo la hewa la mwizi wa 1987 lilikuwa limerudi kwa nguo nyingine: amri inayotekelezwa baada ya hali kubadilika.

Zamu mchana kweupe

Toleo la kumi lilitoka Julai 2001 kwa PlayStation 2. Ndilo la kwanza kuwapa wahusika sauti za kusema, na watu wengi hulikumbuka kwa hilo. Toshiro Tsuchida, aliyesimamia mapambano, alifanya jambo ambalo wakati huo lilionekana kama kurudi nyuma: alizizima saa. Katika Final Fantasy X mtu akifikiwa, dunia inasimama. Ukitaka, nenda kale.

Haikuwa zamu ya Kawazu, hata hivyo. Pembeni mwa kioo palikuwa na safu ya nyuso, rafiki na adui, kwa mpangilio watakaopiga. Ukigusa amri bila kuithibitisha, safu hiyo inajipanga upya mbele ya macho yako: pigo jepesi linamrudisha shujaa mapema, zito linamsukuma nyuma, na lipo pigo la kumchelewesha adui. Mchezaji aliona kesho yake kabla ya kuichagua. Wale saba wa kikosi waliweza kubadilishana katikati ya pambano bila kupoteza nafasi: ndege akija, aingie Wakka na mpira wake, mwenye gamba akija, aingie Auron. Muda, uliokuwa tishio tangu 1991, uligeuka udongo wa kufinyangwa. Wapo wanaoliona toleo hili kuwa kilele cha mfululizo katika ufundi wa kupigana, nami ni mmoja wao, kwa sababu ndilo lililowapa wachezaji vyote viwili: nafasi ya kuwaza na sababu ya kuwaza.

Kilele hicho hakikufuatwa. Mwezi Mei 2002 toleo la 11 lilihamia kwenye intaneti, ambako maelfu ya watu wanaishi katika ulimwengu mmoja. Huwezi kulisimamisha jua kwa ajili ya mtu mmoja anayetafuta dawa mkobani. Kungoja hakukutoweka; kulihama uwanjani kukaenda mjini. Wachezaji walisimama katika mji wa Jeuno, pengine kwa saa nzima na zaidi, wakitafuta kikosi cha kuwachukua, kwa kuwa katika gemu hilo mtu wa peke yake hakufika mbali.

Kocha na jahazi linalojiendesha

Aprili 2003 Square na Enix, watani wa tangu 1986, ziliungana kuwa kampuni moja. Toleo la 12 lilikuwa jikoni kwa miaka mingi. Mwongozaji wake Yasumi Matsuno aliondoka mwaka 2005 kwa sababu za afya, na likatoka Machi 2006. Ito alikuwa amerudi, na safari hii mchezo uliomwathiri ulikuwa ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, anaoupenda sana, ambamo kocha hupanga kabla ya mpira kurushwa kila mtu akimbilie wapi.

Final Fantasy XII haikuwa tena na uwanja wa pambano. Adui alionekana porini, ukamkaribia, silaha zikachomolewa palepale. Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwaamuru watatu huku dunia inakwenda, kila shujaa aliandikiwa kanuni mapema: rafiki uhai wake ukishuka chini ya asilimia 70, mponye, adui akiwa anaruka, mpige kwa kitu kinachofika, vinginevyo mshambulie aliye karibu. Kanuni zilisomwa kutoka juu kwenda chini, ya kwanza iliyotimia ikatekelezwa. Zikipangwa kwa akili, kikosi kilijiendesha kama jahazi lenye upepo mzuri, nahodha ameshika kikombe cha kahawa. Wakosoaji wakasema gemu linajicheza lenyewe. Walisahau kuwa nahodha alilisuka tanga. Kuwaza kulikuwa bado ni kwa mchezaji, ila kulitangulizwa: zamu moja ndefu, kabla ya vita, inayoamua vita mia. Gemu lilipotolewa upya mwaka 2017 liliongezewa kitufe cha kuharakisha muda mara mbili au nne, na wachezaji wakakikumbatia kwa furaha. Mwenye kanuni nzuri hakuwa na la kungoja tena isipokuwa mwisho.

Desemba 2009 Tsuchida yuleyule aliyezizima saa alisimamia mapambano ya toleo la 13, na safari hii alizikimbiza. Mchezaji alimwongoza mmoja tu, wenzake walijiamulia. Hata huyo mmoja alikuwa na kitufe cha kumjazia amri zote kwa pamoja, kwani anayechagua moja moja alichelewa. Kazi iliyobaki kwa binadamu ilikuwa kugeuza majukumu ya kikosi kizima kwa mguso: sasa wote washambulie, sasa mmoja akinge na mwingine aponye, sasa turudi mashambulizini kabla adui hajapata pumzi. Pambano likiisha alipewa nyota, tano zikiwa nyingi kabisa, kwa kulinganisha muda alioutumia na muda aliotarajiwa kuutumia. Saa iliyofichwa mwaka 1991, ikaonyeshwa mwaka 1992, sasa ilikuwa hakimu. Na kiongozi akifa, gemu limekwisha, hata wenzake wawili wakiwa wazima na dawa mkononi.

Sekunde mbili na nusu

Toleo la 14, la mtandaoni pia, lilitoka Septemba 2010 likiwa na matatizo mengi kiasi kwamba kampuni iliomba radhi hadharani. Naoki Yoshida alikabidhiwa Desemba ya mwaka huo. Aliliendesha huku akilijenga upya, na Novemba 2012 akalifunga kwa kuuangusha mwezi juu ya ulimwengu wake mbele ya wachezaji. Agosti 2013 likafunguliwa jipya, na linachezwa hadi leo. Ndani yake mtu anakimbia, anakwepa miduara ya moto, anapiga kelele kwa wenzake. Hakuna orodha inayosimamisha kitu. Lakini mapigo mengi ya msingi yamefungwa kwenye kipimo kimoja: ukipiga, unasubiri takriban sekunde 2.5 kabla ya kupiga tena. Mpiga ngoma angelitambua jambo hilo mara moja. Zamu haikufutwa, ilifanywa mdundo, na wachezaji hodari ni wale wasioukosa mdundo hata wakikimbia.

Toleo la 15 lilitangazwa mwaka 2006 likiwa na jina jingine, likabadilisha mwongozaji, na likatoka Novemba 2016 chini ya Hajime Tabata. Humo unashikilia kitufe na mwanamfalme Noctis anapiga mfululizo. Ukishikilia kingine anakwepa. Baada ya miaka karibu thelathini orodha ya amri ilikuwa imebaki kwa ajili ya dawa tu. Hata hivyo katika mipangilio kulikuwa na chaguo: Noctis akisimama bila kusogea, dunia nzima inaganda kwa kitambo, majani hewani, panga hewani, na mchezaji anaweza kumtazama kila adui na kusoma udhaifu wake. Dirisha la 1992 lilikuwa bado na ufa wake.

Aprili 2020, toleo la saba liliposimuliwa upya kwa mashine mpya, mistari ya ATB ilirudi kwa jina lake la kale. Safari hii haikujaa upesi kwa kungoja. Ilijaa kwa kupiga. Unapigana kwa mikono, mstari unajaa, unafungua orodha, na muda unatambaa kama konokono ukiamua. Waliotaka ya zamani waliwekewa hali ambayo mashujaa hupigana wenyewe na mchezaji hutoa amri tu. Ni kama pande mbili za ugomvi wa miaka mingi ziliketi mkekani zikagawana.

Pete tatu

Juni 2023 Final Fantasy XVI ilizifuta saa zote. Yoshida, sasa mtayarishaji wake, alieleza kwamba vijana wengi hawaoni raha ya kuchagua amri kwenye orodha. Wanataka wakibonyeza, mtu apige. Mapambano alikabidhiwa Ryota Suzuki, aliyetoka Capcom ambako alifanya kazi katika Devil May Cry 5. Mchezaji ni Clive peke yake, na Clive ni moto: anaruka, anakata, anakwepa kwa nukta ya sekunde. Hakuna kikosi cha kuamuru ila mbwa wake Torgal. Kwa mara ya kwanza hakuna anayemngoja mwenzake.

Mwezi Agosti mwaka huohuo studio ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, iliyojengwa juu ya Dungeons & Dragons, meza ileile aliyoipenda Kawazu, na zamu zake ni zamu kamili: wewe ukimaliza, mimi naanza. Ndiyo iliyotawazwa gemu la mwaka katika The Game Awards. Mwaka 2025 Wafaransa wa Sandfall Interactive, wasioficha mapenzi yao kwa Final Fantasy za kale, walitoa Clair Obscur: Expedition 33, gemu la zamu ambalo adui akipiga nawe unabonyeza kwa wakati wake ili ukinge. Ni kifyatulio cha Squall, miaka 26 baadaye, kikiwa mkononi mwa watu wengine.

Hata nyumbani kwake, zamu haikufukuzwa kabisa. Clive anaweza kuvaa vito. Miongoni mwavyo zipo pete za kumsaidia asiye mwepesi wa vidole, na mojawapo hufanya hivi: pigo la adui likikaribia kumpata, dunia inapunguza mwendo, upanga unaelea njiani, na mchezaji anapewa nafasi ya kuona, kuamua na kubonyeza. Kwa kitambo hicho yuko palepale walipokuwa watoto wa 1987 mbele ya vibwengo watatu. Lakini Clive ana nafasi tatu tu za vito, na pete hiyo inachukua moja, mahali ambapo pangekaa kito cha kumzidishia nguvu.

Ito alimfundisha hesabu hiyo kila aliyekutana na Joka la Ukungu, na Cyan akairudia huku wenzake wakila mapigo. Tangu saa zilipoanza kukimbia, nafasi ya kuwaza imekuwa ya bure kwa nadra katika Final Fantasy. Kilichobadilika ni kwamba zamani alilipa kila mtu, na leo analipa anayeihitaji.